Maziwa Hayarudishwi

Wikendi ya mwisho ya Olimpiki ya Paris, Agosti 2024, nilikuwa na kaka yangu kwenye hoteli moja ya Kapsoya, hapa Eldoret. Si hoteli ya kulala. Ni zile za mabati, chapati zimepangwa kwenye kabati la kioo, madondo yako jikoni, na runinga imefungwa juu kabisa ya ukuta ili isitembee usiku. Jumamosi asubuhi Eliud Kipchoge alikuwa ameacha marathoni baada ya kilomita 30 hivi, na mji mzima ukawa kama nyumba iliyopokea simu mbaya. Kufikia usiku mambo yalikuwa yamegeuka. Emmanuel Wanyonyi alichukua mita 800 kwa dakika 1:41.19. Faith Kipyegon akashinda mita 1,500 kwa Olimpiki ya tatu mfululizo: Rio, Tokyo, na sasa Paris. Watu walipiga meza hadi vikombe vikamwaga chai.

Jumapili tulirudi kwenye meza ile ile. Runinga ikaonyesha wakimbiaji wetu wakivishwa medali. Bendera ikaanza kupanda, wimbo wa taifa ukapigwa.

Hoteli nzima ikasimama. Hakuna aliyeamrisha. Makanika mwenye mikono ya grisi alisimama. Msichana anayehudumu alisimama na trei yake. Mzee wa kona akavua kofia. Nilikumbuka kwamba mwezi Juni, miezi miwili tu nyuma, vijana wa rika langu walikuwa wameibeba bendera hiyo hiyo mabegani barabarani wakipinga Muswada wa Fedha, na wengine wakaimba wimbo huo huo mbele ya vitoa machozi. Sasa tulikuwa tumesimama tena, safari hii kwa furaha.

Kaka yangu peke yake ndiye alibaki ameketi. Alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeyeyuka kitambo.

"Kijana," mzee akamwambia, "kwani husikii wimbo?"

Kaka akaweka kijiko chini, akainuka. Nilidhani anasimama kama sisi. Alikuwa anatoka nje.

Nimetaka kuandika habari hii tangu siku ile. Nilimwomba ruhusa, na akanipa kwa sharti moja. Nitalitaja tukifika.

*

Sherehe ya medali ni kitu kifupi sana ukiipimia saa. Watu watatu wanapanda ngazi tatu. Wanainamisha vichwa. Bendera tatu zinapanda, ya mshindi katikati, juu kidogo kuliko zingine. Wimbo wa nchi moja tu ndio unaopigwa, bila maneno, halafu watu watatu wanapigwa picha na wanashuka. Dakika chache. Lakini kuna watu wamelala njaa miaka 10 wakizitafuta dakika hizo.

Kwetu zilianza Tokyo mwaka 1964. Wilson Kiprugut alipata shaba katika mita 800, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Kenya. Nchi ilikuwa haijafikisha hata mwaka mmoja tangu uhuru. Bendera ilipanda, lakini wimbo haukupigwa, maana shaba haina wimbo. Tulingoja hadi Mexico City 1968, Naftali Temu aliposhinda mita 10,000 na kuwa Mkenya wa kwanza kuchukua dhahabu. Baada yake wakaja Amos Biwott katika kuruka viunzi na maji, na Kipchoge Keino katika mita 1,500.

Jambo ninalolipenda zaidi kuhusu wimbo wetu ni kwamba sauti yake ilitoka kwa Wapokomo wa Mto Tana. Ulikuwa wimbo wa mama kumbembelezea mtoto. Kwa hiyo kila mara Mkenya anaposhinda, dunia nzima inasimama wima kwa heshima mbele ya wimbo wa kumlaza mtoto. Nilimwambia kaka hivyo zamani, akacheka akasema ndiyo maana wakimbiaji wetu hulia pale juu. Wanakumbuka mama zao.

*

Shule ya msingi, mwalimu wetu alichora pete tano ubaoni kwa chaki za rangi. Chaki ya samawati, ya njano, ya kijani, nyekundu. Ile nyeusi ilimshinda, kwa sababu ubao wenyewe ulikuwa mweusi. Akatuambia tuifikirie tu. "Ile msiyoiona," alisema, "ndiyo Afrika."

Niliamini hivyo miaka mingi. Nilipofika chuo nikasoma kwamba si kweli. Pierre de Coubertin, Mfaransa aliyezichora pete hizo mwaka 1913, hakuipa Afrika pete nyeusi wala Ulaya ya samawati. Pete tano ni mabara matano yaliyoshikana, sawa, lakini rangi alizichagua kwa sababu nyingine. Ukichukua zile tano ukaongeza nyeupe ya kitambaa, unapata rangi za bendera zote za mataifa ya wakati ule. Kwamba kila bara lina rangi yake, hilo watu waliliongeza wenyewe baadaye. Na ukiangalia bendera yetu, iliyokuja miaka 50 baada ya mchoro wake, nyeusi, nyekundu, kijani na nyeupe, zote zimo.

Nikaendelea kuchimba, na nilichokuta kiliniudhi. Mwenge niliodhani ni mila ya Wagiriki wa kale, wasichana waliovaa nguo nyeupe wakiuwasha kwa kioo na jua pale Olympia, halafu watu wakipokezana mbio hadi uwanjani? Mbio hizo za mwenge zilibuniwa kwa ajili ya Berlin 1936, chini ya serikali ya Hitler. Moto wenyewe ulikuwa umewashwa uwanjani kwa mara ya kwanza Amsterdam 1928. Bendera ya pete tano ilipepea michezoni kwa mara ya kwanza Antwerp 1920. Mambo yote yanayoonekana ya kale ni ya rika la babu zetu.

Nilikuwa na ile hasira ya mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyegundua kwamba alidanganywa. Nikaenda kijijini kwa nyanya yetu, tunayemwita Kogo, nikamwaga yote. Alikuwa anachambua mboga. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa Kikalenjin: "Na sisi, uwanja wa ndege tulianza lini?"

Sikuelewa.

"Mnapompelekea mtu mursik pale kwa ndege," akasema. "Unafikiri mamangu alipeleka kibuyu kwa ndege?"

Alikuwa amenikamata. Uwanja wa ndege wa Eldoret ulijengwa miaka ya 1990. Ile picha ambayo kila Mkenya anaijua, mkimbiaji ametoka kwenye ndege, shingoni amevishwa mmea wa sinendet, mkono umeshika kibuyu, maziwa yanamtiririka kidevuni, ni changa kuliko mwenge wa Berlin. Maziwa ni ya zamani. Sinendet ni ya zamani, watu walivishwa kwenye sherehe za jando kabla ya reli kufika huku. Lakini kuvileta vyote mbele ya ndege na kamera, hilo lilianzishwa juzi tu na watu wanaojulikana, na hakuna anayesema si mila.

"Kila mila ilikuwa na siku yake ya kwanza," Kogo akasema, akarudi kwa mboga zake.

*

Acha niseme mursik yenyewe inavyotengenezwa, kwa sababu wengi mnaijua kwa picha tu.

Kibuyu chetu tunakiita sotet. Kwanza unakisugua ndani kwa sosiot, ufito uliopondwa ncha hadi ukawa kama brashi. Kisha unachukua kijiti cha mti wa senetwet, unakichoma hadi ncha iwe kaa jekundu, unakiingiza kibuyuni na kukisugua kwenye kuta za ndani hadi kaa lisagike likawa unga. Moshi unatoka kwenye mdomo wa kibuyu kama mtu anavuta sigara. Kogo hufanya hivyo mara kadhaa akigeuza kibuyu, na haongei na mtu. Baadaye anamimina maziwa yaliyochemshwa yakapoa, anafunika, anaweka pembeni penye baridi. Unangoja siku kadhaa. Ukiharakisha utapata mala ya kawaida, ile ya pakiti. Ukingoja vizuri unapata kitu kizito, chenye rangi ya majivu, kinachonukia moshi.

Kwa hiyo mtu anayekunywa mursik uwanja wa ndege Jumatano, kuna mtu aliyeanza kumngoja wiki iliyotangulia. Alichoma kijiti kabla hajajua kama atashinda. Mwenge wa Olimpiki nao huwashwa hivyo, miezi kabla ya mbio, kabla ya mtu yeyote kujua jina la mshindi.

Mwaka 2008, baada ya Beijing, nilikuwa darasa la tano. Tulisimama kando ya barabara ya Kapsabet, ile inayotoka uwanja wa ndege, tukiwa na matawi mikononi. Msafara ulipita kwa kasi. Sikuona sura ya mtu. Niliona mkono mmoja tu umetoka kwenye dirisha la gari, na kwenye kifundo kuna sinendet. Kaka, aliyenizidi miaka minne, alikimbia sambamba na gari lile hadi akaishiwa barabara. Aliporudi alikuwa anahema. Akasema, "Ukiona siku moja hii barabara imejaa tena, ujue ni mimi."

*

Barabara haikujaa. Lakini siku yake ilikuja, kwa kiasi chake.

Oktoba 2018 alienda kukimbia nusu marathoni katika mji mdogo Ulaya. Akamaliza wa pili. Si Olimpiki, lakini siku hizi hata mbio ndogo zimeiga Olimpiki: ngazi tatu, maua, watu wanainamisha vichwa. Alitutumia picha akiwa na kikombe cha kioo, amesimama upande wa kushoto wa Muethiopia.

Kogo alikuja mjini kwa matatu, kibuyu mapajani. Konda alitaka kukiweka juu kwenye keria, akakataa. Akalipa nauli ya viti viwili. Pale uwanja wa ndege tulikuwa watu 11. Hakuna kamera, hakuna mbunge. Polisi wa getini akatuuliza tunampokea nani, tukamtajia jina, akasema "aah" kwa adabu, kama mtu asiyemjua.

Kaka akatoka. Kogo akamvisha sinendet, akampa kibuyu. Akanywa. Kwenye picha niliyopiga kwa simu, maziwa yanamdondokea kwenye traksuti na macho yake yanaangalia chini. Kwa miezi miwili niliamini ni unyenyekevu.

Desemba akaja kwangu na simu, akaniambia nimsomee barua pepe moja. Kiingereza anakijua vizuri. Alitaka tu isomwe na sauti ya mtu mwingine. Ilisema sampuli yake ya mkojo, iliyochukuliwa siku ile ya mbio, ilikutwa na EPO.

Mnajua kinachofuata, maana mkoa huu umekisikia mara nyingi mno. Pufya. Miaka 4 nje. Matokeo yanafutwa, yaani ukitafuta orodha ya mbio zile leo, wa pili ni mtu mwingine, na jina la kaka yangu halipo hata chini kabisa. Kikombe kilirudi Ulaya kwa kuria. Pesa za zawadi nazo zilidaiwa.

Hapa ndipo panapokuja sharti lake. Niliandika rasimu ya kwanza ya insha hii nikisema alikuwa na jeraha la kisigino, kwamba mtu fulani mwenye koti jeupe kwenye chumba kimoja mjini alimdunga sindano akamwambia ni vitamini. Yote hayo yalitokea. Kaka akasoma, akanirudishia.

"Umeandika vizuri," akasema. "Lakini nilijua. Ukiniandika, andika kwamba nilijua."

Basi nimeandika. Alijua kwamba haikuwa vitamini. Alijua alipopanda ngazi ya kushoto, na alijua alipokuwa anakunywa. Wakati Kogo anamshikia kibuyu, kile kichupa kilikuwa tayari kwenye maabara.

Na mimi niongeze la kwangu, ambalo hakuniomba. Karo yangu ya muhula ule ililipwa na pesa zile. Alipodaiwa, aliuza kipande cha shamba alichokuwa ameanza kukilipia, akarudisha. Mimi sikurudisha chochote. Nilifanya mitihani, nikapita, na cheti ninacho. Hakuna shirika linaloweza kunifutia matokeo.

*

Katika ufunguzi wa kila Olimpiki kuna kiapo. Kwa miaka mingi mwanariadha mmoja alishika ncha ya bendera ya pete tano na kuapa kwa niaba ya wote. Kilianza Antwerp 1920. Tangu Sydney 2000 kikaongezewa ahadi ya kushindana bila pufya. Wachache wanaapa kwa niaba ya maelfu, wengine wamesimama kimya, na ukimya wao unahesabiwa kuwa sauti.

Nafikiri ndiyo sababu mtu mmoja akianguka, wote tunaonekana tumeanguka. Kaka alikuwa mkimbiaji mdogo asiyejulikana hata na polisi wa getini, lakini baada ya ile barua alijulikana. Vijana wa bodaboda pale steji wakambandika jina: Vitamini. "Vitamini, sasa!" Anawapungia mkono. Amelizoea, au anajifanya.

Lakini waliodhulumiwa pia wana upande wao, na siwezi kuuruka eti kwa sababu ni kaka yangu. Yule aliyekuwa wa tatu siku ile alistahili ngazi ya pili. Matokeo yakirekebishwa, anaweza kupewa nafasi yake na pesa zake. Hawezi kupewa ile asubuhi. Angalia Asbel Kiprop. Beijing 2008 alimaliza wa pili katika mita 1,500, nyuma ya Rashid Ramzi wa Bahrain. Mwaka 2009 Ramzi akanyang'anywa medali kwa pufya, dhahabu ikawa ya Kiprop. Lakini usiku ule uwanjani, uliopigwa ni wimbo wa Bahrain, na hakuna anayeweza kurudi Beijing kupiga mwingine. Halafu miaka ikapita, na Kiprop huyo huyo akafungiwa miaka 4 kwa EPO, madai ambayo aliyakana. Nikiwaza habari yake siwezi kugawanya watu wa riadha katika mafungu mawili, waliodhulumiwa huku na waliodhulumu kule, nikalala usingizi.

Medali inaweza kurudishwa. Imetengenezwa hivyo. Ina jina la mbio, inatiwa kwenye bahasha, inatumwa. Za Paris zilikuwa na kipande cha chuma halisi cha Mnara wa Eiffel katikati, na hata chuma hicho unaweza kukirudisha. Maziwa hayarudishwi. Yamekunywewa. Kilichobaki nyumbani kwetu kilikuwa ile picha ukutani, na juu yake sinendet iliyokauka ikawa rangi ya tumbaku.

Mama alitaka kuitoa. Alisema wageni wakija wanaiangalia, halafu wanamwangalia yeye. Alikuwa amepanda juu ya stuli tayari, mkono umeshaifikia, Kogo akamzuia.

"Ameiba mbio," Mama akamwambia. "Tulimpa maziwa ya bure."

"Kwani hakurudi?" Kogo akauliza.

Mama akashuka.

Nimelifikiria swali hilo mara nyingi. Sisi tuliozaliwa na runinga tunadhani mursik ni ya mshindi, kama medali ambayo inanyweka. Kwa Kogo ilikuwa ya mtu aliyetoka mbali akafika. Na maziwa hayo hayaulizi bendera pia. London 2012, marathoni ya wanaume ilichukuliwa na Stephen Kiprotich wa Uganda, mbele ya Abel Kirui na Wilson Kipsang, Wakenya wawili. Wimbo wa Uganda ukapigwa kwenye sherehe za kufunga, na wetu walisimama kando wakiusikiliza. Lakini Kiprotich alikuwa akifanya mazoezi Kaptagat, hapa juu kwetu, na kwao Kapchorwa wanaongea lugha tunayoielewa. Jukwaa lilihesabu nchi mbili. Huku watu walisema tu, "Yule naye ni wa hapa."

*

Agosti 2021, kaka akiwa ndani ya adhabu yake, tulitazama pamoja ufungaji wa Olimpiki ya Tokyo. Ni desturi kwamba medali za marathoni hutolewa kwenye sherehe za kufunga, na mwaka ule za wanawake na wanaume zilitolewa pamoja. Peres Jepchirchir kwa wanawake, Eliud Kipchoge kwa wanaume. Wimbo wetu ukapigwa mara mbili usiku mmoja, dunia nzima ikisikia.

Kwa sababu ya korona, viongozi hawakuwavisha wanariadha medali katika michezo ile. Zililetwa kwenye trei, mshindi akachukua, akajivisha mwenyewe. Na zenyewe zilikuwa zimetengenezwa kwa madini yaliyotolewa kwenye vifaa vikuukuu vya umeme, zikiwemo simu takriban milioni 6 ambazo Wajapani walizichanga.

"Angalia," kaka akasema. "Anajivisha."

Nikasema ni huzuni, kufika pale juu halafu hakuna mkono wa mtu.

"Hapana," akasema. "Ukijivisha mwenyewe unajua kama inakutosha."

Hakuongeza neno, nami sikumuuliza. Siku ile alisimama wimbo ulipopigwa, mara zote mbili. Ndiyo maana Paris ilinishtua alipotoka. Adhabu yake ilikuwa imeisha mwaka 2022. Kisheria ni mtu huru, anaweza kuvaa namba kifuani kesho. Nilimfuata nje ya hoteli nikamkuta ameegemea pikipiki yake, maana siku hizi ni mtu wa boda.

"Tokyo ulisimama," nikamwambia.

"Tokyo nilikuwa bado nimefungiwa. Nilikuwa nasema nikitoka nitarudi." Akafuta kioo cha pikipiki kwa kiwiko. "Sasa nimetoka. Sijarudi. Nikisimama pale nasimamia nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia kuhusu Kipchoge Keino: Rio 2016, kwenye ufunguzi, alikuwa mtu wa kwanza kabisa kupewa tuzo ya Olympic Laurel, na hakupewa kwa mbio bali kwa kazi yake ya watoto, ile nyumba na shule alizozijenga hapa hapa Eldoret. Nilitaka kusema kuna maisha baada ya ngazi tatu. Kaka akaniangalia kama unavyomwangalia mtu anayekuletea Panadol kwa mguu uliovunjika.

"Huyo alikuwa ameshinda kwanza," akasema.

Alikuwa sahihi. Tukarudi ndani, tukalipa chai.

*

Siku chache baadaye, tarehe 15 Agosti, Eldoret ikapewa hadhi ya jiji. Kulikuwa na mahema, ving'ora, na hati iliyoshikwa juu. Bodaboda walifanya pesa siku hiyo. Kaka alirudi jioni amechoka, akatoa noti mfukoni, akasema sherehe zikiwa nyingi mafuta yanaisha.

Mwaka huu wa pili wa jiji letu, binti wa jirani yetu wa kijijini alienda mbio zake za kwanza nje ya nchi. Akamaliza wa sita. Kwa wa sita hakuna ngazi, hakuna maua. Baba yake akaja kwa Kogo, akaketi, akazunguka na habari za mvua na bei ya mahindi, mwishowe akauliza kama anaweza kupata kibuyu kimoja. Kogo magoti yamekataa sasa, haendi tena mjini. Alichoma kijiti chake, akasugua, akangoja siku zake. Halafu akamwita kaka.

Nilikuwa pale uwanja wa ndege na familia ya jirani. Nilimwona akija kwa barabara ya Kapsabet, ile ile, kwa mwendo ambao bodaboda wote walikuwa wanampita na kumpigia honi. Kibuyu alikuwa amekifunga kifuani kwa leso ya Kogo kama mtoto. Kila tuta alilikanyaga polepole. Alikifungua, akamkabidhi mama wa binti, akarudi nyuma hadi nje ya geti.

Binti akatoka, akavishwa, akanywa. Tulikuwa watu tisa. Polisi wa getini aliuliza tunampokea nani.

Nilipotoka nilimkuta kaka bado yuko pale, kofia ya chuma mkononi.

"Amekunywa?" akaniuliza.

"Amekunywa."

"Yote?"

"Yote."

"Sawa," akasema, akanipa kofia ya abiria. Kibuyu kitupu nilikipakata mimi tukirudi mjini.